Leseni mmetuuzia, njia ya kuingilia iko wapi?

Ndugu mhariri, habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na wanaoniuliza ni wengi, hasa sisi Waswahili tunaoishi huku katikati ya Marekani, Iowa, Nebraska, Missouri, tunaoshinda kwenye viwanda vya nyama na maghala, halafu wikiendi tukikutana kwenye nyama choma mtu akionja kipande cha nyama ya porini anasimama kabisa anauliza kaka hii umeitoa wapi, na mimi naweza kwenda kuwinda? Unaweza. Ila kuna mambo ambayo mi sikuambiwa na mtu nikayajua nikiwa nimeshalipa hela, na kuna mengine naona si haki na nataka niyaseme hadharani.

Mnyama mwenyewe ni swala wa huku anaitwa pronghoni, Wamarekani wanamwita tu antelopu. Ana rangi ya udongo mwekundu, tumbo jeupe, makalio meupe, na dume ana pembe nyeusi yenye panda, kama manati vile. Mbio zake ni kilomita 80 na zaidi kwa saa. Wataalamu wanasema kwa damu wala sio swala kama wa kwetu, ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi, yani mtu wa Tanzania na mtu wa Ituri kule Kongo wote tuna ndugu wa huyu mnyama nyumbani. Miaka mia iliyopita walikaribia kuisha kabisa kwa kupigwa ovyo, wakalindwa, wakarudi, na leo jimbo lenye wengi kuliko yote ni Wyoming. Iowa hamna wa kuwinda. Kwa hiyo mimi nikimtaka lazima niende kwa watu, na ukienda kwa watu unaitwa mtu wa nje, hata kama una pasipoti ya Marekani mfukoni.

Sasa bei. Mkazi wa Wyoming leseni ya pronghoni analipa dola 37. Mimi wa nje nalipa 326, na 15 ya kuomba, jumla 341, bado stempu ya hifadhi dola 21 na senti 50. Na sio kwamba unalipa unapewa, hapana, unaingia kwenye droo, hela yote unatanguliza, ukikosa wanakurudishia isipokuwa ile 15. Halafu kuna pointi. Kila mwaka ukikosa, au ukiamua tu kutoomba, unanunua pointi moja kwa dola 31 ili mwaka utakaokuja uwe mbele kwenye foleni. Huu utaratibu wa pointi kwa watu wa nje ulianza 2006, kwa hiyo kuna wazee wamezilimbikiza tangu enzi hizo na yale maeneo mazuri kabisa ni vigumu sana kuyagusa bila pointi zaidi ya kumi. Piga hesabu, pointi kumi ni dola 310 umelipa kabla hata hujashika leseni, na miaka kumi imeenda, na mtoto wangu wa miaka 14 akianza leo kila akipanda ngazi moja wale wa mbele nao wanapanda moja, hawafikii mpaka wachoke wenyewe.

Lakini nataka nieleweke, silalamiki kwamba mtu wa nje alipe zaidi. Hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Kwetu ukienda Serengeti Mtanzania analipa shilingi elfu kumi na kidogo, mgeni analipa dola 70 na kodi juu, na sijawahi kuona ubaya. Watu wa Wyoming hawafiki hata laki sita jimbo zima, wao ndo wanakaa na hao wanyama, wanagongana nao barabarani, wanalala na baridi ile. Kipupwe cha 2022 kuingia 2023 theluji ilikaa na kuganda mpaka pronghoni wakafa kwa maelfu upande wa magharibi, karibu na Pinedale wakaongezewa na ugonjwa wa mapafu, jimbo likapunguza leseni na wenyeji nao wakakosa. Kwa hiyo wakisema asilimia 80 ya leseni za droo ni za wenyeji na 20 ndo za wa nje, mi nasema sawa. Na hata nisingesema sawa, sheria iko upande wao. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Montana, watu wa nje walilalamika kwamba kumpata elki, mnyama mwingine mkubwa wa huku, wanatozwa dola 225 wakati mwenyeji anatoa 9, mahakama ikasema kuwinda kwa starehe sio haki ya msingi ya raia, jimbo linaweza kutofautisha. Baadae Bunge la Marekani likapitisha sheria 2005 kusema wazi majimbo yana ruhusa hiyo. Imeisha.

Mimi ninachogombania ni vitu viwili tu.

Cha kwanza nitakisema kwa kifupi. Zile leseni chache za watu wa nje zimekatwa mafungu mawili, asilimia 60 kwa bei ya kawaida na asilimia 40 kwa bei wanayoiita maalumu. Bei maalumu ilikuwa mia tano na kitu mpaka mia sita, bunge la jimbo likapitisha 2023 na kuanzia 2024 ni dola 1,200. Mnyama ni yuleyule, eneo ni lilelile, siku ni zilezile, hupewi chochote cha ziada, unachonunua ni kusimama kwenye foleni fupi zaidi maana wenye uwezo huo ni wachache. Hapo ndo nashindwa kukubali. Kutozwa kwa sababu natoka Iowa naelewa, lakini mimi na daktari wa hapahapa Des Moines wote ni wa nje, wote tumesafiri njia ileile, kwanini yeye apitishwe mlango wa pembeni kwa sababu ya pochi yake? Wanyamapori wa nchi hii tangu zamani wamehesabiwa ni mali ya watu wote, sio mali ya mwenye shamba wala ya mfalme kama Ulaya, na hii ndo sifa kubwa ya Marekani kwenye uwindaji, nawasifu. Sasa ukianza kuuza foleni kwa bei unairudisha ile ya mfalme polepole.

Cha pili ndicho kilichonifanya niandike.

Mwaka wangu wa kwanza, 2019, nilipata leseni kwenye eneo ambalo lilikuwa rahisi kupata, nikafurahi sana, sikujiuliza kwanini ni rahisi. Tulitoka mimi na shemeji saa tisa usiku, barabara ya 80 moja kwa moja, Omaha, Lincoln, North Platte, Cheyenne, Laramie, masaa kama 12 na vituo vya mafuta. Tuna deli mbili za barafu nyuma, tuna visu, fulana za rangi ya chungwa ya kuwaka maana huku ni lazima uonekane, bunduki moja ya kuazima kwa mzee mmoja tunafanya naye kazi ambaye ndo alinifundisha yote haya Mungu ambariki. Kozi ya usalama nilishafanya, Wyoming mtu aliyezaliwa kuanzia 1966 hapewi leseni bila hiyo.

Tukafika. Upepo ule kama hujawahi kusimama Wyoming mwezi wa kumi siwezi kukueleza, unaongea na mtu aliye pembeni yako unapiga kelele. Nyika tupu, vichaka vidogo vya rangi ya majivu vinanukia kama dawa ya mitishamba, na pronghoni unawaona! Unawaona kwa macho, makundi matatu manne, makalio meupe yanawaka kule mbali. Nikafungua ramani kwenye simu, ile programu inayoonyesha ardhi ni ya nani. Nikaanza kuelewa.

Ule ukanda wa reli umegawanywa kama ubao wa drafti. Mwaka 1862 serikali ikitaka reli ivuke bara iliwapa kampuni ya reli viwanja vya maili moja mraba, kimoja cha reli, kinachofuata cha serikali, kimoja cha reli, kimoja cha serikali, hivyohivyo pande zote mbili za reli kwa maili nyingi. Vya reli vikauzwa vikawa ranchi. Vya serikali bado vipo, viko chini ya shirika la serikali kuu linaitwa BLM, ni vya umma, ni vyako na vyangu. Lakini kila kiwanja cha umma pande zote nne kimezungukwa na cha mtu binafsi, kinagusana na mwenzake wa umma kwenye kona tu. Kwenye drafti kete inakwenda kona kwa kona hakuna anayelalamika. Mtu akifanya hivyo Wyoming siku hizo alikuwa anaweza kushtakiwa kwa kuingia eneo la mtu, kwa sababu wakati unavuka bega lako linapita kwenye hewa ya jirani. Hewa, mhariri.

Tulifika kwenye kona moja. Naikumbuka kama ilikuwa jana. Kuna kigingi cha chuma kimechomekwa ardhini, juu kina kofia ya shaba imeandikwa namba, na seng'enge inapita. Sisi tumesimama kwenye ardhi ya umma. Mbele yetu kwa mshazari, hatua moja tu, ardhi ya umma. Na huko mbele wako kumi na moja, majike na watoto na dume moja, kama mita mia mbili, wanatuangalia. Shemeji akaniuliza, sasa? Nikamwambia haturuhusiwi. Akasema haturuhusiwi nini, hatua moja? Nikamwonyesha simu. Akakaa kimya.

Wakati tumesimama pale jike moja likaja kwenye fensi, na huyu mnyama pamoja na mbio zake zote haruki fensi, hajazoea kuruka, anapita chini. Akapiga magoti ya mbele, akalaza mgongo, akateleza chini ya uzi wa mwisho akatokea upande wa ranchi akaondoka zake, na wenzake wakafuata mmojammoja. Nilikwenda pale nikakuta manyoya yamebaki kwenye miiba ya seng'enge. Nikayachukua. Ni manyoya manene, ndani matupu kama bua la mtama, ukiyakunja yanakatika. Nilikaa nayo kiganjani nikafikiria, huyu kapita bila kuulizwa, mimi nimelipa dola mia tatu na arobaini na moja nimesimama hapa.

Jioni akaja mwenye ranchi na pikapu, mtu mzima, mstaarabu tu wala hakutufokea. Akasema mkitaka kuwinda upande wangu ni dola 300 kila mmoja, na njia ya kwenda kwenye vile viwanja vya umma inapita kwangu kwa hiyo ni bei hiyohiyo. Sikuwa na 300. Nilikuwa na hela ya mafuta ya kurudi na posho ya watoto. Na simlaumu sana, shamba ni lake, analipia kodi, na pronghoni wanakula majani yake. Lakini mtu huyo alikuwa anatuuzia njia ya kwenda kwenye ardhi ambayo si yake. Tulizunguka siku tatu kwenye vipande vidogo vinavyogusa barabara, kila kipande kina magari manne ya watu wa nje kama sisi, Wisconsin, Minnesota, mmoja katoka Pennsylvania na mtoto wake. Wote tunazunguka, wote tunaangaliana. Tukarudi na deli tupu, barafu imeyeyuka yote, leseni imekufa, na pointi zangu mbili zimeenda nazo.

Watu wataniambia jimbo huwa linaonya kwamba eneo fulani ardhi ya umma ni ya shida. Kweli wanaonya, alama ipo kwenye vitabu vyao. Lakini onyo haliondoi swali, kama mnajua hakuna pa kukanyaga kwanini mnauza leseni zote hizo kwa watu wa nje ambao hawana shangazi mwenye ranchi? Mwenyeji anamjua mtu, anasali naye, mtoto wake anasoma na mtoto wa mwenye shamba, anapiga simu anaambiwa njoo. Mimi wa Des Moines mwenye lafudhi ya Manyoni nampigia nani?

Ndo maana ile kesi ya vijana wanne wa Missouri niliifuatilia kama mpira. Walikuwa wa nje kama mimi. Kwenye Elk Mountain, kaunti ya Carbon, 2021 walitengeneza ngazi ya chuma ya kusimama pande mbili, wakaiweka juu ya kona, wakapanda upande huu wakashuka upande ule, hawakugusa ardhi ya mtu hata kwa kidole. Mwenye ranchi, tajiri wa North Carolina, akawafanya washtakiwe, 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia, naye mwaka huohuo alikuwa ameshawafungulia kesi ya madai akidai mamilioni ya dola kwamba ranchi yake imeshuka thamani. Mahakama ikawapa ushindi vijana, rufaa nayo Machi 2025 ikawapa ushindi, ikitumia sheria ya zamani ya 1885 inayokataza kuwafungia watu ardhi ya umma, na Oktoba 2025 Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza tena. Nilipopata habari niliegesha gari pembeni nikampigia shemeji. Aliuliza kitu kimoja tu, ile kona yetu? Nikamwambia ndiyo, ile kona yetu.

Lakini tusidanganyane kwamba yameisha. Uamuzi ule unahusu majimbo sita yaliyo chini ya ile mahakama ya rufaa, Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Montana haimo, na huko bado wanasema kuvuka kona ni kosa, na Montana nayo pronghoni wapo wengi. Kwa magharibi yote ardhi ya umma iliyofungiwa kwa kona imehesabiwa zaidi ya ekari milioni 8. Na iko ardhi nyingine haina hata kona, iko katikati ya ranchi kama kisiwa, hiyo hata ngazi haisaidii.

Kwa wanaotaka kwenda, hasa wanaotaka nyama na sio pembe ya kuning'iniza ukutani, kuna leseni za jike na mtoto, kwa mtu wa nje ni dola 34 tu, sio mia tatu, ila soma vizuri sana maana nyingi zinaruhusu kwenye ardhi ya watu binafsi peke yake, ndo yaleyale. Tafuta kwanza maeneo ambayo jimbo limekodi kwa wenye mashamba ili umma uingie bure kwa miguu, yapo, yana ramani, huo ni mpango mzuri na nausifu bila kubana. Angalia ramani kabla ya kuomba, usifanye nilivyofanya mimi. Mwaka 2022 tulikwenda eneo lingine lenye ardhi ya umma pana, siku ya kwanza saa nne asubuhi tulikuwa tunachuna. Nyama yake ukiitoa ngozi haraka na kuiweka kwenye barafu palepale haina ile harufu watu wanayoisema, mama watoto aliipika kwa nazi na ndugu zetu Wakongo wa jirani walikuja na fufu yao sufuria ikabaki nyeupe.

Ombi langu kwa wenye maamuzi ni kwamba ile tofauti ya bei, ile mia nane na zaidi wanayoitoza kwenye foleni ya matajiri, kama wameshindwa kuifuta basi yote iende kukodi njia na kufungua mageti, senti kwa senti. Na leseni za mtu wa nje kwenye eneo zipimwe kwa ardhi anayoweza kufika, sio kwa idadi ya wanyama peke yake, kwa sababu mnyama akiwa ndani ya ranchi ya mtu kwangu mimi hayupo.

Na kwa wenzangu wenye uraia, sisi Wyoming hatupigi kura lakini ile ardhi ya BLM ni ya nchi nzima, mbunge wako wa Iowa au Nebraska anaipigia kura Washington, mwandikie. Mapendekezo ya msimu nayo jimbo linayaweka wazi kwa maoni kila mwaka kabla ya kuyapitisha, fungua uandike, Kiingereza chako hichohicho kinatosha, mimi huwa naandika. Wewe mhariri nakuomba kitu kimoja, haya mambo yote yapo kwa Kiingereza cha kisheria, weka mwandishi mmoja ayaeleze kwa Kiswahili kabla ya mwezi wa tano kuisha, maana maombi ya pronghoni kwa watu wa nje yanafungwa mwanzoni mwa Juni na kila mwaka kuna ndugu ananipigia simu mwezi wa tisa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtu wa Manyoni, Des Moines, Iowa